Anayewaita Kabla Hawajafika

Wageni wakiwa bado kwao wanakunja nguo za safari, mwongoza ngamia hupanda kilima cha mchanga nyuma ya kambi na kuanza kuwaita. Majina yao huletwa kwa simu kutoka mjini. Yeye huyatafuna polepole kama tende, kisha huzungushia mdomo viganja vyake vilivyochubuliwa na kamba na kuyaachia jangwani: "Sigruuun! Matiaaas!"

"Ami, hao hata ndege hawajapanda!" humtania Tuda, mpishi wa kambi, huku akikanda unga.

"Mtu akipotea mchangani hurudishwa na jina lake. Nisubiri apotee ndo nijifunze kulitamka?"

Leo majina ya wageni yalikwisha, naye hakushuka. Akaita jingine, taratibu, kama anayemwamsha mtu usingizini: "Bassou!" Tuda akaacha kukanda. Bassou alikuwa mdogo wa mzee huyo, aliyetoka kumfuata ngamia siku ya dhoruba ya vumbi asirudi tena, ndugu hao wangali vijana. Mzee akatega sikio, mchanga ukimpita miguuni kama moshi. Kisha akashuka, akikung'uta kilemba.

"Upepo umegeuka," alisema. "Kesho nitamwita kutoka upande ule."