Mtihani wa Tatu wa Anwar Sadallah

Anwar Sadallah alizaliwa Mwananyamala wakati huko bado kuna mikorosho mingi kuliko nyumba. Alikuwa fundi bomba katika shirika moja la umma lililokuwa likichimba visima na kulaza mabomba pembezoni mwa jiji. Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro, akawa fundi, akawa mnyapara, na mwaka wa tisini na mbili, bosi wake alipostaafu, akawekwa kukaimu usimamizi wa mradi wa kupeleka maji Goba.

Mie nilipanga chumba cha uani kwenye nyumba ya mama yake. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yaliyobaki alinisimulia mkewe, Mwanabaraka. Anwar hakuwa mtu wa maneno.

Ule mwaka wa kwanza wa kukaimu ulikuwa wa raha. Gari la mradi lilimpitia asubuhi mpaka kibarazani, na mama yake alihakikisha yuko nje anafagia linapofika. Goba yenyewe ilikuwa mashamba ya mihogo na vilima, na kina mama wa huko waliteka maji kwenye mabonde. Anwar alikuwa akirudi jioni na udongo mwekundu hadi magotini, akala, akalala usingizi wa mtu aliyeridhika.

Kisha yakaja mageuzi. Shirika likaambiwa lijitegemee, na wafadhili wa mradi wa Goba nao wakatoa sharti jipya: msimamizi wa mradi wao lazima awe na cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Mkurugenzi alimwita Anwar akamweleza kwa upole. Mtihani ulikuwa ukifanyika mara moja kwa mwaka katika chuo kimoja mjini, maswali yakitoka Ulaya, yote kwa Kiingereza. Akifaulu, cheo ni chake moja kwa moja. Hadi hapo angeendelea kukaimu.

Anwar aliishia darasa la nane. Kiingereza alichokijua kilikuwa cha vifaa: soketi, elbo, valvu. Akarudi nyumbani na kitabu kilichotolewa kopi, kizito kama tofali, akakaa nacho uani kila siku baada ya alasiri, kamusi pembeni. Mwanabaraka, aliyekuwa akidarizi kofia za vito kwa ajili ya kuuza, aliniambia kwamba mumewe akifika mstari wa chini ameshausahau wa juu.

Ndipo akamkumbuka Bi. Gulbahar. Huyu alikuwa mjane wa Saifuddin, Mhindi mwenye duka la mabomba ambako shirika lilikuwa likinunua vifaa miaka yote. Bi. Gulbahar alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, na sasa aliishi Msasani na mwanawe Zain. Binti yake, Duaa, alikuwa Kanada. Anwar alikwenda akapiga hodi, akatoa shikamoo, akaeleza shida yake akiwa bado amesimama.

Yule mama alimwambia yeye hajui kitu cha miradi, anajua Kiingereza tu. Anwar akajibu kwamba hicho ndicho kinachomshinda. Basi wakaanza, kila Jumamosi na Jumapili, kwenye veranda, kwa chai na kachori. Mama alisoma kwa sauti, Anwar akarudia, kisha wakatafsiri pamoja neno kwa neno.

Baada ya miezi kadhaa wote wawili waligundua kuwa Kiingereza hakikuwa tatizo kubwa. Siku moja walikuta swali: mabomba yamechelewa kufika, msimamizi afanye nini kwanza? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne. Anwar akasema angekwenda mwenyewe bandarini kuyafuata.

“Hilo halimo,” Bi. Gulbahar akamwambia.

“Lakini ndilo ningefanya, mwalimu.”

“Hawakuulizi ungefanya nini. Kitabu kinasema ukae kwanza, upitie mpango wako, uone ni kazi gani zitakwama na zipi zinaweza kuendelea. Na mie naona kitabu kina haki. Wewe ukikimbilia bandarini, mafundi unamwachia nani?”

Anwar akacheka kwa aibu. Alikumbuka mara moja alipokwenda kweli kufuata mabomba, na aliporudi Goba alikuta vibarua wamechimba mtaro katikati ya shamba la mzee mmoja, mihogo yote imeng'olewa. Ilibidi shirika lilipe fidia. Alianza kuona kwamba kitabu kile hakikuwa cha kipuuzi, na hilo, alivyoniambia Mwanabaraka, lilimvunja moyo zaidi. Angekuwa na kitabu cha kudharau ingekuwa rahisi.

Mtihani wa kwanza alifeli. Hakuna aliyeshangaa. Mkurugenzi akampa pole, akamwambia ajaribu tena mwakani. Mama yake Anwar akasema hata mtoto huanguka kabla ya kutembea.

Wiki iliyofuata alirudi Msasani na kitabu chake. Bi. Gulbahar alimtazama muda mrefu kabla ya kumimina chai.

“Anwar, nikwambie ukweli au nikupe moyo?”

“Niambie ukweli, mwalimu.”

“Sioni kama utafaulu. Si kwamba huna akili. Jambo hili linataka mtu aliyelelewa na karatasi, na wewe umelifikia ukubwani. Nimefundisha miaka mingi, najua mwanafunzi anapofika mwisho wake. Lakini ukitaka tuendelee, mie nipo. Sina kazi nyingine.”

Anwar akanywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akafungua kitabu walipoishia.

Sijui kama mie ningeweza. Mtu anakwambia usoni kuwa hutafika, nawe unasema haya, twende. Nadhani ilimpumzisha kwa namna fulani, kwamba yuko mtu mmoja ambaye hamdai matumaini. Maana nyumbani ilikuwa kinyume. Binti yake Najat, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa akimwuliza maswali ya kitabuni wakati wa kula. Mama yake alifunga Jumatatu na Alhamisi kwa nia ya mtihani ule. Majirani walishamwita meneja, naye hakuwakataza mapema, na baadaye ikawa vigumu kuwakataza.

Mtihani wa pili alifeli vibaya kuliko wa kwanza.

Mwaka huohuo bei ya viwanja Msasani ikapanda kama mtu kaichokoza. Zain akapata mnunuzi wa ile nyumba, na ikaamuliwa mama yake aende akaishi kwa Duaa. Siku ya kuagana, makochi yameshatolewa, walikaa kwenye masanduku. Bi. Gulbahar akamwambia akichoka aache, hakuna atakayemlaumu.

“Watu wote nyumbani wananingoja, mwalimu,” Anwar akasema.

Bi. Gulbahar alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Anwar akaondoka.

Mwaka uliofuata alisoma peke yake. Au tuseme alikaa na kitabu. Mie nilikuwa nikipita kwenda kuchota maji namkuta ukurasa uleule wa jana. Kazini alianza kuwa mtu wa wasiwasi, hatoi amri mpaka aulize mara mbili, na mafundi aliokuwa akiwaongoza kwa jicho tu wakaanza kumzunguka. Alikuwa ameacha njia yake ya zamani ya kufanya kazi bila kuipata ile mpya.

Asubuhi ya mtihani wa tatu Mwanabaraka alimpigia pasi shati jeupe, akampikia uji wa mchele na chapati. Mama yake Anwar akamsomea dua na kumpulizia kichwani, huyu mwanamume wa karibu miaka hamsini ameinama kama mtoto anayekwenda chuo cha Kurani siku ya kwanza. Mwanabaraka akamsindikiza mpaka kona ya barabara.

Alifika mapema. Getini palikuwa na vijana wamesimama makundi makundi, wana vikokotoo mikononi, wanataniana kwa Kiingereza. Mmoja wao alipomwona, akaacha utani, akamsogelea kwa adabu.

“Shikamoo mzee. Samahani, wewe ndiye msimamizi wa chumba chetu?”

“Marahaba,” Anwar akajibu. “Hapana, siye mie.”

Kijana akaomba radhi akarudi kwa wenzake. Hakuwa amefanya ubaya wowote. Lakini Anwar aliona kwamba kijana yule alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akatafuta mahali pa kumweka, na mahali pa mtahiniwa hapakumjia hata kidogo. Milango ikafunguliwa, watu wakaingia. Yeye akabaki. Mlinzi akamwuliza anamngoja nani, akasema anamngoja mtu. Kisha akatembea hadi Mnazi Mmoja, akakaa kwenye benchi na shati lake jeupe mpaka saa za mtihani zikaisha, akarudi Mwananyamala.

Mama yake alimwuliza mtihani umekwendaje. Akasema umekwenda.

Neno hilo lilitosha. Nyumba ile ikaingia katika furaha ambayo sijaiona tena. Bibi, yule mama yake Anwar, alisema safari hii moyo wake umetulia. Mwanabaraka alianza kuzungumzia kuezeka upya chumba cha mbele. Najat aliwaambia wenzake shuleni. Mie pia nilimpongeza Anwar kabla ya majibu, naye akaniambia ahsante, ahsante, akiangalia pembeni. Nilidhani ni unyenyekevu.

Na huko kazini mkurugenzi, kwa wema wake, aliwaomba wafadhili wasubiri. Walikuwa wanataka kumleta msimamizi mwingine ili awamu ya mwisho ianze, ile ya kupandisha bomba hadi juu kilimani. Mkurugenzi akawaambia mtu wetu amefanya mtihani, majibu yako njiani. Wakasubiri. Mitaro iliyokwisha chimbwa ikakaa wazi.

Miezi ikapita. Mwanabaraka ndiye aliyechoka kwanza. Siku moja alivaa buibui lake akaenda mjini kupeleka kofia kwa mnunuzi, na akiwa njiani kurudi akapita pale chuoni kuulizia majibu ya mumewe. Dada wa ofisini, aliyejulikana kwa jina la Genoveva, alimkalisha, akatafuta, akatafuta tena. Kisha akamwambia kwa upole kwamba majibu ya mwaka huu yalitoka zamani, na kwamba Anwar Sadallah alilipia lakini hakufika siku ya mtihani.

Alirudi nyumbani akapika. Alimngoja mumewe ale ashibe, mama mkwe aingie chumbani kwake, ndipo akasema.

“Leo nimepita kule chuoni.”

Anwar alikuwa ananawa. Aliendelea kunawa, mikono yote miwili, polepole.

“Nilifika mpaka getini,” akasema.

“Ungeniambia siku ileile, Baba Najat. Tungekaa nalo wawili.”

Mwanabaraka aliniambia kwamba kilichomwuma si ule uongo. Ni kufikiria kwamba miezi yote ile yeye alikuwa akipanga paa jipya, na mtu aliyelala ubavuni mwake anajua hakuna paa, tena yuko peke yake na jambo hilo.

Kesho yake Anwar alikwenda kwa mkurugenzi akasema ukweli. Mkurugenzi hakumfokea. Alimwambia angalau sasa tunajua, akamwomba amfungie mlango akitoka.

Akaletwa Leodegar, kijana wa Kilimanjaro, mwenye cheti. Wengi tulitaka awe mbaya, hakuwa. Alikuwa akimwamkia Anwar kila asubuhi mbele ya mafundi, akimwuliza mahali udongo ulipo laini, na alijua kazi yake. Anwar akarudi kuwa mnyapara. Walifanya kazi pamoja muda mfupi tu. Wafadhili walikuwa wameshachoka na nchi nzima, wakapunguza fedha huku na kule, na mradi wa Goba ukasimama bomba likiwa limefika katikati ya kilima. Mvua za masika zikabomoa mitaro iliyobaki. Leodegar akapata kazi Arusha. Shirika likapunguza watu, na Anwar alikuwa katika kundi la kwanza kupunguzwa.

Watu waliojua mambo ya ofisini walimwambia fedha zile zingekatika tu, angefaulu asingefaulu. Lakini ile miezi ya kungoja ilikuwapo, na bomba lilikuwa halijapanda. Anwar hakubishana na yeyote. Mara mojamoja alikwenda Goba kwa miguu yake, bila sababu ya kueleweka, akarudi na udongo mwekundu kwenye viatu.

Baada ya hapo alikuwa fundi wa kuitwa. Nyumba nyingi mpya zilikuwa zikijengwa Msasani, na wenye nyumba walitaka mtu wa bei nafuu. Bibi alifariki mwaka wa tisini na saba bila kuambiwa chochote. Alikufa akijua mwanawe alifaulu na serikali ikamdhulumu. Anwar ndiye aliyemwacha aamini hivyo, na Mwanabaraka alikubali; angalau safari hii walikuwa wawili kweli katika siri hiyo.

Kabla sijahama nyumba ile nilimwuliza, mara moja tu, kwa nini hakuingia siku ile. “Ningeingia ningefeli, hata kama si vibaya kama mara ya pili, na watu nyumbani wangeanza upya kuningoja,” ndivyo alivyonijibu. Alikuwa anakaza koki ya mfereji wa uani uliokuwa ukivuja. Nikangoja aendelee, lakini aliniomba nikafunge maji kule mbele, nikaenda nikafunga.