Kijapani Katika Nyumba ya Eda

Nilijifunza Kijapani bila sababu yoyote. Naanza na hilo kwa kuwa kila aliyesikia aliniuliza ni cha nini. Hapa Koboko, mji wa mpakani Uganda, kila lugha ina kazi yake: Kiarabu ni cha biashara ya Juba, Kilingala ni cha upande wa Kongo, Kiingereza ni cha ofisini, na Kiswahili ni chetu sote tunaokutana njiani. Kijapani hakina soko. Mimi ni fundi cherehani, na sina hata pasipoti.

Mwaka ule baba alikufa kwenye barabara ya Arua. Alitoka asubuhi kwenda kununua vitambaa vya duka lake, na gari alilopanda likapinduka njiani. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Nami, binti yao, nikafunga chumba changu cha kushonea kule Mvara, Arua, nikapakia cherehani, nikaja Koboko kukaa naye.

Redio ilizimwa siku ya msiba na hakuna aliyeiwasha tena. Wageni walipopungua, nyumba ikawa kimya hadi ikaniudhi. Mama alikaa kwenye mkeka akisuka kawa za kufunikia chakula, akimaliza moja anaanza nyingine, neno halimtoki. Mimi si mtu wa kuvumilia kimya. Nilikuwa nikimaliza kushona naegemea ukuta na simu, sauti nimeipunguza, naangalia video fupi fupi za kila aina, mapishi, mahubiri, watu wanaoanguka kwenye matope. Katika takataka hizo akatokea mwanamke wa Kijapani, mtu mzima, aproni kiunoni, akifundisha maneno ya nyumbani kwao. Video moja, neno moja. Nilimwangalia kwa sababu alikuwa hana haraka. Simu ikaona nimependa, ikaniletea mwingine, na mwingine, mpaka mahubiri yote yakapotea.

Nikawa narudia maneno peke yangu kama chizi. Siku moja nilikuwa nahangaika na neno la kushukuru kabla ya kula, mama akasema bila kuinua macho, "Si hivyo. Yeye haburuti. Wewe unaburuta."

Niliduwaa. Hakuwa amenisemesha tangu jana yake. Nikaomba alitamke yeye, akalitamka, na lilikuwa safi kuliko langu. Nisingeshangaa, kama ningekumbuka yeye ni nani. Mama ni Mlugbara wa Dadamu. Alisilimu alipoolewa na baba, Mnubi wa hapa hapa Koboko, na Kinubi alikiokota jikoni kwa mama mkwe ambaye hakuwa na subira ya kumfundisha mtu. Sikio lake lilikomaa zamani.

Basi tukawa wanafunzi wawili. Chakula kikiwa tayari anasema Bismillahi, kisha anamwongezea yule mwanamke neno lake, kwa adabu, kama anayemkaribisha mgeni sahani. Jirani zetu walituona tumechanganyikiwa kwa msiba, na hawakukosea sana. Lakini mama alikuwa anaongea, nami nilifurahi waziwazi.

Halafu ikaja video ya mlangoni. Yule mwanamke anavaa viatu, anageuka kuelekea ndani ya nyumba, anasema "itte kimasu", anatoka. Maelezo ya chini yalisema maana yake ni nakwenda na nitarudi, na kwamba aliyebaki ndani lazima ajibu "itte rasshai", nenda, urudi. Hatoki mtu bila kusema, na habaki mtu bila kujibu. Nikamtafsiria mama. Video fupi ikiisha huanza tena yenyewe, kwa hiyo nilipokuwa naeleza, yule mwanamke alikuwa anavaa viatu upya na kutoka upya.

Mama aliacha kusuka. Akauliza, "Anasema atarudi. Inshallah iko wapi?"

Nikamwambia wale si Waislamu.

"Kila saa anatoka," akasema. "Hata mara moja hatujamuona anarudi. Zima."

Nilizima. Nilidhani ni lile neno la kurudi lililomuumiza, nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Siku ile baba yako alisimama hapo kwa mlango. Akasema, 'Mama ya watoto, mimi natoka.' Saa hiyo mimi iko kwa swala. Sikujibu. Nilisema kwa roho, nikimaliza nitamuita. Nikamaliza, yeye iko ameenda."

Nilimpa jibu ambalo Mwislamu yeyote angempa. Aliye kwenye swala hasemezani na watu, na baba aliujua mkeka ule wa swala, hakungoja kujibiwa. Hakuna kosa hapo.

"Najua," alisema. "Mungu pia anajua. Lakini alienda bila kujibiwa."

Niliikasirikia simu, nikamkasirikia yule mwanamke na aproni yake, nikaona nimeleta ndani ya nyumba ya watu kitu kisichoalikwa. Video za Kijapani nikaacha kuzifungua mbele yake. Mama akarudia kimya chake na kawa zake.

Eda ikaisha. Akinamama wa mtaani walikuja wakamwogesha, wakafukiza udi, wakamvisha nguo mpya, tukala tukashukuru. Kesho yake hakutoka. Wiki iliyofuata hakutoka. Sokoni nilikwenda mimi, na kwenye msiba wa jirani nikaenda mimi kwa niaba yake. Dada yake mkubwa kule Dadamu alikuwa mgonjwa, amelala, na kila mara akipiga simu anaomba amwone mdogo wake kabla hajafumba macho. Mama anajibu kesho. Kufika Dadamu ni lazima upite barabara ile ile ya Arua.

Nilimgombeza. Nilimwambia eda ya sheria imekwisha, hii nyingine ameitunga mwenyewe. Nilimwambia dada yake atakufa akimwita. Maneno makali, na sikuyarudisha. Niliogopa kwamba baba nilimzika mara moja, na mama nitamzika kidogo kidogo, ndani ya nyumba ile ile.

Siku mbili tatu baadaye aliniambia nimtafutie gari la asubuhi, na kwamba atakwenda peke yake. Nikataka kumsindikiza. "Nikienda na wewe," alisema, "nitakuwa nimepelekwa. Mimi nataka kwenda."

Asubuhi ile, nikijua gari bado, nilitawadha nikasimama chumbani kuswali dhuha, ile sunna ya asubuhi. Nilikuwa rakaa ya kwanza niliposikia honi. Dereva amewahi. Nikasikia mama akiburuta mfuko wake ukumbini, kisha nyayo zake zikasimama kwenye mlango wa nje.

"Itte kimasu," mama akasema. "Inshallah."

Kinywa changu kilikuwa kwenye Fatiha, na sikuweza kusema lolote. Ndipo nilipojua, mwilini si kichwani, alivyokuwa yeye siku ile. Honi ikalia tena. Nikarukuu, nikasujudu, nikainuka, na sikumbuki nilichosoma, Mungu anisamehe. Masikio yangu yote yalikuwa mlangoni, yakingoja nyayo ziondoke.

Hazikuondoka. Dereva alipiga honi ndefu, mama akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ngoja. Mutoto iko kwa swala."

Nilitoa salamu kulia, nikatoa kushoto, nikatoka chumbani na mtandio umeniangukia shingoni. Alikuwa amesimama pale pale, mfuko mkononi, uso ameuelekeza ndani. Nikamjibu. Sauti ilinikatika katikati, ikabidi niseme tena, "Itte rasshai, Mama."

"Unaburuta," alisema, akatoka.