Wimbi Uliopandwa Mjini

Ukungu una harufu. Sijaikuta katika kitabu chochote, na nimesoma vingi juu ya hali ya hewa tangu nilipoacha shule, lakini naijua vizuri: ni moshi uliolala ndani ya nyasi za paa, udongo mwekundu, na samadi isiyokauka. Tuliishi juu kabisa ya mlima, upande wa Nyamira, mahali ambapo asubuhi ulisikia ng'ombe wakipumua kabla hujawaona. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaingia hadi jikoni, ukakaa vifuani mwa watu. Kifua cha Bibi ndicho kilichoumia kuliko vyote.

Bibi, ambaye kwetu tulimwita Magokoro, alikuwa mama yake baba yangu, na boma lilikuwa lake. Baba alikuwa kibaruani katika mashamba ya chai ya Kericho. Nyumbani tulibaki Bibi, mama, mimi Kemunto na wadogo zangu. Mama ndiye aliyelima, lakini siku ya kupanda wimbi ilikuwa ya Bibi. Katika boma letu, mke wa mwana hakutia mbegu ardhini kabla mama mkwe hajatupa konzi ya kwanza. Aliyetangulia alihesabiwa kuwa amekwisha kumzika mkwewe angali hai. Kila mwaka Bibi alitoka nje asubuhi, akachota udongo, akaubana kiganjani, akaunusa, kisha akasema bado, au akasema leo. Mimi nilisimama kando yake na kibuyu cha mbegu.

Uamuzi huo haukuwa mdogo. Kule juu wimbi hukua polepole kwa sababu ya baridi, na ukichelewa kuupanda, mvua ya mawe na baridi ya Julai huukuta punje zake zikiwa bado na maji. Wimbi ndio uliokuwa uji wetu, ugali wetu na akiba yetu ya mwaka mzima.

Mwaka mmoja, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili, kikohozi kilimzidi Bibi kabla ya msimu. Baba mdogo, aliyekuwa na kazi mjini Kisii, alikuja kumchukua. Alisema kule chini kuna joto, na hospitali iko karibu. Bibi aliondoka akiwa amekasirika, akamwambia mama kwamba atarudi kabla ya mvua.

Mvua ilifika kabla yake. Majirani walianza kutawanya mbegu, na shamba letu, lililokwisha kulimwa likawa laini, likakaa tupu katikati yao kama pengo la jino. Mama alituma ujumbe kwa wanawake waliokwenda sokoni mjini, wamwulize Bibi kama apande. Jibu likarudi: bado, udongo haujalowa. Akatuma tena. Jibu likawa lile lile. Jirani mmoja alisimama kwenye ukingo wa shamba, jembe begani, akamwuliza mama, "Mama Kemunto, mwaka huu nyinyi mtavuna mvua yenyewe?" Wenzake wakacheka. Mama aliinama akaendelea kung'oa magugu ambayo hayakuwapo.

Baba alikuwa mbali na hakukuwa na mtu mwingine wa kuamua. Mama angeweza kupanda. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini mwanamke huyu alikuwa amempikia Bibi uji miaka yote ile, na hakuweza kutupa mbegu ambazo zingesema kwamba Bibi amekufa. Asubuhi moja alichota udongo wa shambani, akaufunga kwenye jani la mgomba, akanipa kibuyu cha mbegu nikibebe, na tukashuka mjini kwa miguu.

Kadiri tulivyoshuka, ndivyo nilivyovua. Kwanza shuka niliyojifunga mabegani, kisha nikatamani kuvua na gauni. Ukungu ulibaki nyuma yetu. Njia iliyokuwa matope kule juu ilianza kukauka, na tulipofika karibu na kilima cha Nyanchwa ilikuwa ikitoa vumbi. Baba mdogo alipanga chumba katika safu ya vyumba vya mabati, na mabati hayo yalikuwa yakialika na kulia kwa jua. Mlangoni pa pili alikaa mama mmoja kutoka pwani ya ziwa, mke wa mfanyakazi mwenzake, amejitanda shali nzito. Aliniona nikitiririka jasho akacheka. Akatuambia kwa Kiswahili kwamba mji huu una baridi ya kuua mtu, na kwamba tangu ahamie hapa hajawahi kuoga maji ambayo hayajapashwa moto. Nilimwangalia nikadhani ananitania. Baadaye sana, nilipojifunza kwamba hewa hupoa kadiri ardhi inavyoinuka, nilimkumbuka yeye na shali yake. Sote wawili tulisema kweli.

Bibi alikuwa amekaa uani, mgongo kwenye ukuta wa joto. Kikohozi kilikuwa kimepungua lakini amekonda. Mama alimwamkia, akapiga magoti, akafungua jani. Bibi alichukua udongo, akaubana. Maji yakapenya kati ya vidole vyake. Aliunusa kwa muda mrefu, kisha akatazama ua ule mkavu, ambao udongo wake kila asubuhi alikuwa akiuchota na kuunusa kwa niaba yetu.

"Nimewafungia mlima kwa udongo wa watu," alisema.

Mama alimwomba arudi, hata kwa kubebwa. Baba mdogo akakataa. Alisema ukungu utammaliza. Bibi aliomba jembe, akajikongoja hadi kando ya ukuta, akakwaruza kipande cha ardhi kisichozidi mkeka, akaniita na kibuyu changu. Akatupa konzi ya kwanza pale, kwenye changarawe za mjini, akaifukia kwa mguu.

"Mimi nimepanda," alimwambia mama. " Kimbia, mama, kapande."

Tulirudi kesho yake na mama akapanda mara tulipofika. Bibi alimwagilia wimbi wake maji ya kuoshea vyombo mpaka mvua ya mjini ilipofika. Alikufa msimu ukiwa unaelekea mwisho, na siku mwili ulipoletwa nyumbani baba mdogo alimpa mama masuke aliyoyakata Bibi mwenyewe: makavu, ya kahawia, yamejikunja kama ngumi. Nilikwenda shambani nikakata suke moja la kwetu nikayashika pamoja. La kwetu lilikuwa kijani, na nilipolibana lilitoa maziwa. Mbegu zilikuwa za kibuyu kimoja. Tulivuna kidogo mwaka ule, mvua ya mawe ikachukua sehemu kubwa, na tukala ndizi na viazi vitamu mpaka msimu uliofuata. Mama hakuwahi kulalamika. Masuke ya Bibi ndiyo aliyoyafanya mbegu.

Siku hizi ua ule una saruji na jengo la ghorofa, na mji umepanda vilima vyote vilivyouzunguka. Mlima wetu una chai na mikaratusi palipokuwa na msitu, na nyumba zetu zote zimeezekwa mabati yanayoalika kama yale ya Nyanchwa. Mbu, ambao tuliwasikia tu katika masimulizi ya watu wa ziwani, sasa wanalala kwetu. Ukungu huja asubuhi chache, mwembamba, na huondoka kabla chai haijachemka. Mwaka jana nilipanda wimbi kidogo nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la Bibi, mbegu zilizotokana na zile zake. Mwanzoni mwa Julai nilikwenda kuutazama nikitarajia kijani. Ulikuwa wa kahawia, mkavu, umejikunja kama ngumi.

Nilikata suke moja nikasimama nalo. Joto ambalo Bibi alipelekwa kulitafuta mjini limepanda mpaka mlangoni pake. Leo asingehitaji kushuka.