Bei ya Mwisho kwa Kifaransa

Wanunuzi wa mchele wanaotoka Kongo wanajua Kiswahili, tena cha kubembeleza. Wanakuuliza habari za baridi ya Mbeya, wanasifu mchele wako wa Ubaruku mpaka unatamani kuwaongezea kilo. Lakini ikifika bei ya mwisho hugeukiana na kuipanga kwa Kifaransa, mbele yako, nawe umeshikilia gunia kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Nimekulia dukani kwa mama mdogo, Mbeya mjini, na jambo hilo nimeliona mara nyingi. Ndiyo maana nilipopata nafasi kwenye chuo kimoja Iringa nilichagua Kifaransa na masomo ya kimataifa. Ndugu walidhani nataka kuwa balozi. Mimi nilitaka kusikia bei.

Mwaka wa kwanza mkopo wa serikali ulinibeba: ada, chakula, chumba. Mwaka wa pili likabandikwa tangazo. Mkopo wa mwaka unaofuata utaanza na kozi za kipaumbele. Nyingine zitafikiriwa kadiri fedha itakavyoruhusu. Nilisoma orodha mara mbili, kozi yetu sikuiona. Nikamwomba mwenzangu asome, labda macho yangu yamechoka. Naye hakuiona. Chini kabisa: anayetaka kuhamia kozi ya kipaumbele alete fomu kabla ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri.

"Kadiri fedha itakavyoruhusu." Lugha hiyo sikuhitaji kuisomea. Ni ile "pita kesho" ya mdaiwa, ila hii ilikuwa imegongwa muhuri.

Mwalimu wetu wa Kifaransa hakuzunguka. "Darasa lenye watu chini ya sita chuo hakilifungui. Ninyi ni wangapi? Hesabuni wenyewe."

Nilihesabu: sita. Nikahesabu tena nikianzia upande wa dirishani. Sita vilevile. Akitoka mmoja, wote tumetoka.

Tukasimama nje kwenye upepo, tukaapa. Aliyeongoza kiapo ni kijana wa Chunya, mtoto wa mchimbaji, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mashine ya kusaga mawe.

"Hapa hatoki mtu. Atakayehama asinisalimie tena."

"Na mkopo usipokuja?" aliuliza dada wa Idodi. Huyo alikuwa mpole. Kijijini kwao magari ya watalii hupita kwenda mbugani tangu hajazaliwa, na yeye alitaka siku moja awe ndani ya gari, kiti cha mbele, akiwaeleza wageni kwa lugha yao.

"Uje, usije, sisi ni sita."

"Hiyo sita inaliwa na mboga gani?" nikamuuliza.

"Ninyi Wanyakyusa kila kitu kwenu duka."

"Na wewe kila kitu kwako mgodi. Unachimba tu, hujui kama dhahabu ipo."

Jioni nikampigia mama mdogo, nikamweleza kila kitu.

"Mmeapa?" aliuliza.

"Tumeapa."

"Nani kaapa kwa sauti kubwa kuliko wote?"

Nikamtajia yule wa Chunya.

"Basi huyo ndiye wa kwanza kushusha. Msimu uliopita si tulikubaliana wenye mchele wote tusishuke bei? Aliyeapa mpaka akamtaja marehemu mama yake ndiye niliyemkuta anapakia magunia kwa mlango wa nyuma."

"Ulimkutaje, mama mdogo? Ulifuata nini huko nyuma?"

"Mimi nilikuwa wa pili."

Nikamuuliza kama mkopo ukikwama atanisaidia. Akasema nitaje kiasi. Nikamwambia ataje yeye. "Mwanangu," akasema, "anayetaja kwanza anaumia. Si mimi niliyekufundisha?" Tukakata simu bila yeyote kutaja.

Wiki ile nilianza kubana mapema, nikala chipsi kavu; mayai niliwaachia wenye kipaumbele. Nilimchunga kijana wa Chunya kama mwizi wa mizani. Akichelewa darasani, nachungulia dirishani. Akiwahi, namshuku zaidi: amewahi kwa furaha gani? Lakini kilichonitisha zaidi kilikuwa kwangu mwenyewe. Ualimu wa hesabu ulikuwa kwenye orodha, na hesabu nilifaulu vizuri. Mlango wa nyuma nilikuwa nao. Alhamisi nikachukua fomu. Kuichukua tu si kuijaza, nilijiambia. Kisha nikaijaza. Kuijaza si kuipeleka.

Ijumaa saa nane nikaenda ofisini, kuangalia tu. Kwenye benchi la nje nikamkuta kijana wa Chunya na bahasha ya kaki.

"Umefuata nini?" nikamuuliza.

"Muhuri wa kitambulisho. Na wewe?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Hapo mbele ni ukuta."

Nikakaa. Haikupita muda akatokea wa tatu, naye anataka muhuri. Kisha wa nne, na wa tano. Wa mwisho alikuwa dada wa Idodi, fomu ameificha chini ya kanga. Alituangalia mmoja mmoja.

"Mmefuata muhuri?"

"Muhuri," tukajibu.

Akajibana pembeni yangu. Benchi lilikuwa la watu wanne, tulikaa sita.

Ndani, karani aliyevaa sweta zito alikuwa anakula karanga. "Wa kwanza nani?" akauliza.

"Nenda kaka, wewe umewahi," nikamwambia wa Chunya.

"Hapana, dada zangu kwanza. Mimi nina adabu."

"Leo umeitoa wapi?"

Mlango wa nyuma una sharti moja: asiwepo wa kukuona. Wangu ulikuwa umekaliwa na wenzangu watano. Nilikuwa nahesabu dakika, nazo zilikuwa zinaisha. Saa tisa na nusu karani akakung'uta maganda, akatoka na funguo.

"Sasa ninyi mnasubiri nini?"

"Tunasubiri ufunge," alisema dada wa Idodi.

Akafunga. Tukashuka ngazi, yule wa Chunya akakohoa. "Si niliwaambia? Hapa hatoki mtu." Hata yeye hakumalizia kwa sauti.

Baada ya wiki mbili mama mdogo alinipigia, akanong'ona, "Wakongo wako hapa. Sikiliza," akaitia simu mfukoni. Kupitia kitambaa nikawasikia wakipanga bei kwa Kifaransa. Wangeweza kuongeza, tena vizuri. Mama mdogo akarudi hewani.

"Haya, wamesemaje?"

"Kwanza tuzungumze chakula changu cha muhula ujao," nikasema. "Taja wewe."

Akatukana kidogo kwa Kinyakyusa. Kisha akataja.

Kwa hiyo chakula ninacho. Ada bado, mpaka naandika haya mkopo wa mwaka ujao haujatangazwa, na kila asubuhi nawahi darasani kuhesabu vichwa. Jana nilipata watano, jasho likanitoka na baridi yote ile ya Iringa. Nikahesabu tena, ndipo nikagundua nimejisahau.