Wake Wawili, Kizimba Kimoja

Alfajiri hii sokoni Mtoni, Somoe anageuza vitumbua kwa kijiti, lakini macho yake hayapo kwenye chuma. Yapo kwa kila anayepita.

"Yule jana alinunua kwa Hija," ananong'ona. "Ona anavyonikwepa."

Hija ni mke mwenzake. Katika soko hili kizimba hupewa mwanamume, kwa hiyo hiki kina jina la mume wao, Shomari, kuli wa bandarini asiyejua hata kuloweka mchele. Naye kwa kuogopa kupendelea, amekigawa kama anavyogawa siku zake za kulala: leo zamu ya Somoe, kesho ya Hija.

Mtaa mzima unajua kisa chao. Somoe aliuza hapo miaka mitatu peke yake kabla Hija hajaolewa. Kisha siku moja Polikarpo, dereva wa lori na mteja wake wa tangu mwanzo, akamsifia kwamba vitumbua vya siku iliyotangulia vilinukia iliki vizuri mno. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Hija.

"Mume tumegawana, sijasema neno," anasema Somoe. "Wateja nimewatafuta mwenyewe."

Ijumaa iliyopita alijitanda kanga mpya akaenda kwa wazee wa soko kudai kizimba kwa jina lake. Aliwaambia kwamba kwenye mikutano ya kudai kujitawala wanasikia kila mtu ana haki, na wanawake ndio wanaojaza uwanja. Mbona haki hiyo haifiki sokoni? Mzee Fakihi, mkubwa wao, akamuuliza kizimba kingine cha nini na mumewe anacho.

Hapo Hija akasimama. Watu walidhani amekuja kumpinga mwenzake.

"Shikamooni, wazee. Na mie nataka changu," alisema. "Nimechoka kupika mie, sifa apewe mwingine."

Baraza lilicheka mpaka Fakihi akafuta machozi. Ila hawakukataa, watajibu mwezi ukiandama.

Somoe hakucheka. Anadai wazo lilikuwa lake, Hija kalidandia tu. Hata hivyo anakiri kwamba wawili hawafukuziki kirahisi kama mmoja, na wauzaji wengine wa kike sasa wanataka kuongozana nao.

Na wakikubaliwa?

"Changu wanipe hapa hapa," anasema, akiepua. "Hija wampe kile cha mbele yangu, tutazamane. Akipelekwa mbali, nitajuaje nani anakula kwake?"