Kaburi la Wagumba

Juzi nilienda Othaya kununua miche ya chai, nikajikuta nakizunguka kile kilima kidogo cha Wagumba. Hatua hamsini na tisa. Nikarudia, nikapata sitini na moja. Kilima hakijaongezeka, ni magoti yangu.

Wagumba, kama hukukulia kwetu, ni wale watu wafupi walioishi huko kabla ya wazee wetu, na hapo ndipo walipozikana. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipotusukuma kwenye kijiji chenye handaki pande zote, kilima kikabaki ndani. Hakuna aliyetaka kibanda karibu nacho. Watu wetu siku hizo waliogopa maiti kuliko risasi. Basi kikawa chetu watoto. Mama zetu wakienda kuchimba handaki kwa lazima, sisi tulikalia magamba mabichi ya migomba, tukashuka mbio, matako yakiwaka moto. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee kijijini ambapo hatukupangwa foleni.

Siku moja askari mmoja, mtu mweusi kama sisi kutoka magharibi mwa nchi, akaamriwa kukisawazisha ajenge mnara wa ulinzi. Akina mama wakaletwa na majembe. Hakuna aliyeinua lake. Nyanya yangu, Cucu wa kijiji kizima, akasogea mbele.

"Mwanangu, kwenu mnajenga juu ya kaburi?"

"Hapana. Lakini kwetu kaburi iko na wenyewe. Hii ni ya nani?"

Nyanya alikuwa hagusi hata kuku aliyejifia.

"Ni ya watu yangu."

"Wangapi?"

"Kumi na mbili."

"Taja, niandike."

Akataja mmoja mmoja, bila haya, kama anayeita watu waje kula. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Kumbe askari naye alikuwa anahesabu.

"Cucu, huyu wa mwisho umemzika mara mbili."

"Alikuwa mrefu," Nyanya akasema.

Akina mama walicheka mpaka majembe yakaanguka. Askari akafunga daftari, akampelekea mkubwa wake orodha vile ilivyokuwa, na mnara ukajengwa langoni. Jioni hiyo tuliteleza hadi kaptula zikatoboka.

Leo handaki limejaa udongo na mbao za mnara ziliishia jikoni kwa watu, kuni. Wagumba bado wako palepale. Nyanya tulimzika shambani, tukagawana ardhi, tukapanda chai. Ukitaka nikuonyeshe alipo, nitakupeleka kwenye mistari minne ya chai na kukuambia yuko hapa, ama hapa.