Sanduku Lililosomwa Kutoka Kushoto

Watu husema nina hasira. Kweli ninayo, na nyingi naielekeza kwangu mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa msaidizi kwenye kambi ya wapima miamba kisiwani Nosy Be, Madagaska, nyuma ya Dzamandzar, ambako moshi wa kiwanda cha sukari uliingia mpaka kwenye wali. Tulitafuta ligniti, yale makaa ya mawe machanga ya kahawia ambayo zamani yalikuwa kinamasi. Mashine ilichoronga ardhi na kutoa mwamba vipande vipande, vya mviringo kama mihogo. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga kwa safu ndani ya sanduku la mbao, vya juu kwanza, vya chini mwisho, kila safu kutoka kushoto kwenda kulia.

Mama alikuwa Mahajanga, mji wa bandari upande wa bara. Baada ya zile ghasia za kuwaua Wakomoro mjini, wenzetu walikuwa wakiondoka kwa meli, naye alikwisha kufunga mizigo. Aliniandikia: njoo twende, sitaki kupanda peke yangu. Lakini siku zile, bila karatasi ya ruhusa ya mkuu wa kambi, Mkomoro hakufika mbali barabarani. Nikaenda kuiomba.

"Ruhusa? Wakati huu?" mkuu akasema kwa Kifaransa, amejaa furaha. "Tumepata tabaka nene la makaa! Tunachoronga shimo la pili. Mpaka liishe, haondoki mtu."

Mchana ule ule nikaenda kulitazama hilo tabaka lililonifunga. Safu ya kwanza ya sanduku ilikuwa na makaa mwisho wa kulia; ya pili ilikuwa nayo mwanzo wa kushoto. Ukisoma kama Mfaransa, kutoka kushoto, makaa yanaungana, tabaka moja nene. Lakini katika safu ya kwanza, udongo wenye vijizizi ulikuwa kushoto kwa makaa, yaani juu yake. Lo! Mizizi ya kinamasi hukaa chini ya makaa, maana ndimo miti ilimoota. Juu haiendi hata kwa dawa.

Sanduku lile nililipanga mimi. Kabla ya shule ya Kifaransa nilisoma chuo cha Kurani, kwa ubao na wino, na siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye barua ya mama. Mkono ukaanzia kulia, kama ulivyofunzwa kwanza. Yalikuwa matabaka mawili membamba, moja juu, moja chini, na udongo mtupu katikati. Shimo la pili lilikuwa kazi bure.

Neno moja tu lingenifungua, nami sikulisema. Siku zile Mkomoro akikosea hakosei peke yake, na nilishawasikia wachorongaji wakinong'ona. Niliogopa, nasema wazi. Siku tatu nilikula, nikaswali, nikalala na neno lile kooni, mashine inanguruma, bahari pande zote.

Siku ya nne nikapiga moyo konde, nikamweleza mkuu. Mkuu alilitazama sanduku, akaligeuza, akalitazama tena. Nilingoja kofi. Akaamuru mashine izimwe, akaniandikia karatasi yangu juu ya goti lake.

"Mkono umekuponza, basi," akasema. "Lakini si ungeniambia siku ile ile, bwana wee!"

Nikavuka bahari hadi Antsahampano, upande wa bara, nikapanda lori, siku nne za matope. Mahajanga nikakuta mlango wetu una kufuli. Jirani yetu, bibi wa Kisakalava, mwenyeji wa pale, aliyenibeba nikiwa mchanga, akatoka na ufunguo mkononi, analia.

"Meli imeondoka juzi, mwanangu," akaniambia kwa Kimalagasi. "Mama yako alipanda wa mwisho. Kila walipomwita alisema, ngojeni kidogo, mwanangu anakuja, wakubwa wake wamemzuia."

Nilikaa kizingitini nikahesabu siku kwa vidole, nikahesabu tena: zile tatu zangu zingetosha. Mama alifia Ngazija, kwao Komoro, sikumwona tena. Tuliandikiana miaka mingi, na katika kila barua aliwalaani wale wakubwa. Nilimjibu kila barua, na sikumkatalia hata mara moja.